Kwa Nini Mtu Achague Besi?

Jioni moja ya majira ya ukavu, mwana wetu wa pili alirudi kutoka mazoezi ya kwaya ya vijana, akaketi barazani pasipo kusalimu mtu. Mama yake akamwekea bukari na sombe, hakunyosha mkono. Tulipomwuliza kisa, alijibu huku akitazama chini:

“Baba, wamenipa besi.”

Wasomaji wapenzi, msimcheke. Katika kwaya nyingi za vijana wa Lubumbashi siku hizi, pamoja na ngoma na kinanda cha umeme, yamo magitaa, naye apigaye gitaa la solo hutazamwa na kanisa zima, hasa na wasichana wa sauti ya kwanza. Mwana wetu alikuwa amejifunza miezi mingi kwa gitaa la kuazima, akiitumaini nafasi hiyo. Nafasi ikapewa mwenzake. Yeye akakabidhiwa lile gitaa refu lenye nyuzi nne nene ambalo hakuna aliyeliomba. Kisha akatuuliza: “Baba, mtu huchagua besi kwa nini? Yuko mtu aliyewahi kuichagua?”

Swali hilo lilitushinda usiku ule, ingawa twaimba sauti ya nne, ndiyo besi, tangu miaka zaidi ya thelathini hapa mtaani Katuba.

Yatupasa kukiri kwanza kwamba sisi wenyewe hatukuichagua. Tulipokuwa watoto tulikuwa na sauti nyororo, tukasimama mstari wa mbele. Tulipofika umri wa miaka kumi na minne sauti ilivunjika, na mwalimu wa kwaya akatusogeza nyuma kwa kidole tu, kama asogezavyo mtu kiti. Hata wenye sifa kubwa duniani waliingia kwa mlango huohuo. Paul McCartney wa Uingereza alikuwa mpiga gitaa katika kundi la Beatles. Mwaka 1961 mwenzao Stuart Sutcliffe, mpiga besi, aliwaacha walipokuwa Hamburg, Ujerumani. Wengine hawakuitaka kazi hiyo, ikamwangukia yeye. Tulimsimulia mwana wetu habari hii, tukidhani itamfariji. Akasema, “Basi ni kweli, ni kazi ya masalio.”

Tukaona kwamba tumeanza vibaya. Tukamwambia alete lile gitaa lake la kuazima, lenye nyuzi sita.

Hapa Katanga wazee wote wamjua Jean Bosco Mwenda. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akikusanya muziki wa wenyeji, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi. Wimbo wake “Masanga” ukasikika mbali sana na nchi hii. Mtu ausikiaye kwa mara ya kwanza hudhani wapigaji ni wawili, kumbe ni mmoja mwenye vidole viwili vya kazi: gumba lapiga nyuzi nene, kidole cha shahada chapiga zile nyembamba. Tulijaribu kwa unyonge wetu kumwonyesha kijana. Tulipiga vipande vichache kwa vidole vyote viwili, kisha tukalikunja gumba tukaendelea na kidole kimoja. Nyuzi nyembamba zililia vizuri kama kwanza, lakini mguu wake uliokuwa ukigonga sakafu ukasimama. Hatukumwambia kitu, naye aliutazama mguu wake mwenyewe.

Na ng'ambo ya mto Luapula, upande wa Zambia, watu wana ala ya besi yenye uzi mmoja iitwayo kalindula. Muziki wao wa dansi umeitwa kalindula kwa jina la ala hiyo. Twapenda sana jambo hili. Mahali pengi muziki huitwa kwa jina la mchezo, au la mji, au la mwimbaji mwenyewe. Pale umeitwa kwa jina la yule asimamaye nyuma.

Twaweza pia kutaja kwaya ya Kamina, ile ya Missa Luba, ambayo Padre Guido Haazen aliiongoza na ambayo mwaka 1958 ilikwenda kuimba Ulaya. Wengi hukumbuka sauti za watoto wale, nao wastahili sifa. Lakini pamoja na watoto walisimama watu wazima, walimu wa shule, na sauti nzito zilitoka kwao. Walimu wale wangaliweza kabisa kuketi kando na kuwaacha wanafunzi wang'are.

Sasa tuseme kidogo jinsi besi ifanyavyo kazi, maana mwana wetu ni mwanafunzi na hapendi kusadiki bila hoja. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutikisika mara 41 hivi katika sekunde moja, na wimbi lake hewani lina urefu wa mita 8 na zaidi. Wimbi refu namna hiyo halizuiwi sana na ukuta, wala halipotei kwenye kona. Ndiyo sababu mtu apitaye Kamalondo usiku wa Jumamosi, akiwa bado mbali na baa, hasikii maneno ya wimbo wala gitaa la solo: asikia besi tu. (Na aishiye karibu na baa huisikia hata alfajiri, lakini hayo ni malalamiko ya siku nyingine.)

Tena kuna jambo ambalo mwalimu wetu mmoja wa zamani alituonyesha ubaoni. Aliwapa wanawake na wenye sauti ya tatu noti za do, mi na sol, akatuambia sisi wa besi tuimbe do ya chini. Ikawa furaha tupu, kama asubuhi ya Pasaka. Kisha akawaamuru wale wengine wasibadili chochote, washike noti zao zilezile, ila sisi tushuke mpaka la. Papo hapo furaha ikaondoka. Chumba kizima kikawa na huzuni, kama watu warudio kutoka makaburini. Wale wa juu walitazamana. Hawakuwa wamefanya neno lolote, lakini wimbo wao ulikuwa umegeuzwa kutoka chini. Tangu siku ile hatukusema tena kwamba besi hufuata wengine.

Hata hivyo tulilijua jambo hilo kwa akili tu, si kwa moyo. Tukamweleza mwana wetu kisa ambacho hatukuwa tumemweleza mtu.

Tulipokuwa na miaka kama ishirini tuliiacha besi. Tuligundua kwamba kwa kujikaza kidogo twaweza kufika kwenye sauti ya tatu, na sauti ya tatu ndiyo iliyopewa mashairi ya kuimba peke yake. Tulitaka kusikiwa. Katika besi alibaki mzee mmoja, fundi wa kushona viatu, pamoja na vijana wawili wasiojua kitu. Tulipomwaga mzee yule hakutukemea. Alisogeza kiti chake kidogo, akaendelea kutafuta ukurasa.

Miezi michache baadaye dada mmoja wa kwaya alifiwa na mtoto wake wa kwanza. Tulikwenda kwenye kilio usiku, watu wengi, tukachukua kinanda kidogo cha umeme. Mzee alikuwa mgonjwa, hakuja. Tulikuwa katikati ya wimbo umeme ulipokatika. Kinanda kikanyamaza, giza likawa zito, nasi tukaendelea kuimba, kwa kuwa tulijiona hodari. Ubeti wa pili ukaanza kushuka. Kwaya isiyo na ala hushuka hivyo kidogo kidogo, lakini kama besi ni imara hushuka pamoja. Sisi tulishuka mbalimbali. Wanawake wa upande wa mlango walikuwa juu kidogo, wale wa karibu na mama wa marehemu walikuwa chini kidogo, na sisi wa sauti ya tatu tulitafuta wa kumwegemea tusimpate. Kila mmoja alikuwa na sauti nzuri. Katika ubeti wa tatu wimbo ulivunjika, tukanyamaza mmoja baada ya mmoja mbele ya mama yule. Ukimya ule ulikuwa mrefu. Mwishowe bibi mmoja akaanzisha Rozari, watu wakaitikia, na aibu yetu ikafunikwa.

Kesho yake tulikusudia kwenda kwa mzee kumwambia kwamba twarudi. Hatukwenda. Tulijiambia tutamwona kwenye mazoezi, kisha tukajiambia tutamwona Jumapili. Alifariki kabla ya mvua za kwanza. Tulirudi kwenye besi siku ya maziko yake, tukasimama na wale vijana wawili, na kiti chake kikiwa hapo. Mwalimu wa kwaya alituona, akatupa daftari bila kuuliza.

Mwana wetu alikuwa ameanza kula sasa, kwa mkono wa polepole. Akauliza, “Na siku hiyo, Baba, watu waliwatazama?”

Tukamjibu kweli: “Hapana, mwanangu. Hakuna aliyegeuka.”

Mama yake, ambaye tulidhani hasikilizi, alisema kutoka jikoni kwamba yeye aligeuka. Hilo lilikuwa habari mpya kwetu, baada ya miaka yote hii ya ndoa, na tulipotaka kumwuliza zaidi akaanza kugonga sufuria.

Hatukumwamuru kijana kitu. Tulimwambia tu kwamba akitaka kukataa, na akatae mapema, ili wapate mwingine kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Siku tatu hakusema neno. Ijumaa aliingia langoni akilibeba lile gitaa refu begani, na nyuma yake mwenzake aliyepewa solo akimsaidia kubeba spika, wote wawili wakitoka jasho. Wakaliunganisha chumbani. Alipiga uzi mmoja, uleule mnene, tena na tena, bila kugusa mwingine, muda ambao tungeweza kusali Rozari nzima. Ncha za vidole vyake zilipata malengelenge, akaja kuomba mafuta.

Kabla ya jua kutua, jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta alimtuma mtoto wake mdogo kwetu. Mtoto akasimama mlangoni, akapiga hodi kwa adabu, akasema: “Mama anawasalimu. Anauliza ni nani anayetikisa vikombe vyake kabatini.”

Mwana wetu akatoka mwenyewe kujibu.