Makande ya Lushoto na beberu aliyerudishwa

Atokaye Dar es Salaam kwa basi la alfajiri hufika Mombo jua likiwa utosini. Tangu Korogwe amekwisha kuchoshwa na mashamba ya mkonge, mstari baada ya mstari, na milima ya Usambara imemwandama upande wa kulia bila kumkaribisha. Pale Mombo ndipo njia inapochepuka na kuanza kupanda. Hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushei tu, lakini barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, jabali juu na korongo chini, na dereva mwenye busara haiendei mbio. Ukifika Soni, penye maporomoko ya maji, unafunga dirisha kwa baridi. Wajerumani waliupenda mji wa Lushoto kwa hewa yake, wakaubandika jina la Wilhelmstal. Jina hilo liliondoka nao.

Tulikuwa wawili, mimi na mume wangu, na safari yetu ilikuwa ya heri. Binti yetu, aliyeolewa huko, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, nasi hatukuwahi kukanyaga kwa wakwe zetu tangu ndoa ifungwe. Katika kikapu nilichukua nazi kumi, kwa kuwa mnazi hauoti katika baridi ile, pamoja na sukari, sabuni na kanga mbili. Katika mfuko wa shati la mume wangu kulikuwa na karatasi ya daktari, ambayo alikuwa ameikunja ikawa ndogo kama hirizi.

Habari ya karatasi hiyo ni hii. Usiku mmoja, wiki chache kabla ya safari, kidole gumba cha mguu wake kilivimba na kuwaka moto, hata shuka ikawa nzito juu yake. Vipimo vya damu vilionyesha asidi ya yuriki imezidi. Ni jongo, ugonjwa ambao wengi siku hizi huuita gauti. Daktari alimwambia apunguze sana nyama nyekundu, aachane na maini, figo na utumbo, apunguze dagaa, aache soda, na anywe maji ya kutosha. Maharage hakuyakataza. Mume wangu aliyapokea yote hayo kwa subira, ila moja lilimchoma: alikuwa amesikia kwamba jongo ni maradhi ya walafi, akaniomba nisimwambie mtu.

Nakiri kwamba nyumbani kwetu nyama ilikuwa kama chumvi. Asubuhi supu, mchana rosti, na jioni kama kuna kiporo kinapashwa moto. Siku isiyo na nyama iliitwa siku ya kufunga mkanda, hata kama mezani palikuwa na vyakula vitatu. Baada ya karatasi ile nilijaribu vile vipande vikavu vya soya vinavyouzwa kwa pakiti. Mara ya kwanza nilivitupa moja kwa moja katika mchuzi kama nyama, vikafura, na mwanangu wa mwisho akauliza kwa adabu kama nimepika sponji. Baadaye nilijifunza kwamba huanza kulowekwa katika maji ya moto yenye chumvi, vikakamuliwa kwa nguvu, kisha vikakaangwa na kitunguu, thomu na tangawizi kabla nyanya haijaingia. Vikipikwa hivyo vinalika, tena vizuri. Hata hivyo mume wangu alitoa hukumu yake: soya inaigiza nyama, na mwigizaji hata awe hodari vipi, si mwenyewe.

Basi tulikuwa tukipanda mlima tukiwa na jambo hilo moyoni. Kila penye kona tulipishana na malori yakishuka, yamesheheni kabichi, karoti, viazi na pilipili hoho, yakielekea masoko ya Dar es Salaam. Ni mboga zile zile tunazozipita sokoni bila kuzitazama, macho yako kwa muuza nyama.

Wakwe zetu wanakaa mbali kidogo na mji, katika kijiji kilichoning'inia ubavuni mwa kilima, migomba juu ya nyumba na mashamba ya maharage chini yake. Tulipokelewa kwa furaha iliyotufanya tuone haya kwa kuchelewa miaka yote ile. Mkwe wetu mwanamume alitukaribisha barazani, mkewe akaleta chai ya tangawizi, na mama yake mkwe, ajuza mwembamba ambaye nyumba nzima humwita Bibi, akampakata mjukuu wetu na kutuonyesha vidole vyake kimoja kimoja. Nami katikati ya salamu hizo niliona, amefungwa kwenye mgomba, beberu mkubwa mweusi.

Ndugu msomaji anaelewa beberu huyo alikuwa nani. Sisi ndio tuliokuwa wakwe, tumetoka mbali, mara ya kwanza. Nilimtazama mume wangu, naye akautazama mguu wake.

Usiku ule usingizi haukunijia haraka, nikafikiri jinsi nyama ilivyoshikamana na heshima katika nchi hii ya Usambara. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, katika kitabu chake Habari za Wakilindi, alisimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu. Aliwaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu, akawagawia nyama, na mwishowe watu wa Vuga wakamfanya mfalme wao. Zama hizo Uislamu haukuwa umeenea milimani, na nyama yenyewe sisi tusingeigusa. Lakini maana yake ilibaki: utawala wa Wakilindi unasimuliwa kuanzia kwa mtu aliyekuja na nyama mkononi mahali ambapo watu walikuwa na nafaka na mboga tele. Tusiwacheke. Huku kwetu pwani, ni shughuli gani ya harusi isiyopimwa kwa vipande vya nyama katika sinia ya pilau? Mwenye kupika kunde za nazi kwa ajili ya wageni husemwa hadi mwaka mwingine.

Asubuhi binti yetu, aliyekuwa bado ndani ya arobaini yake, aliniita chumbani akafunga mlango.

"Mama," alisema, "yule beberu si wetu. Baba amemchukua kwa jirani. Atalipa maharage yakivunwa."

Nilimuuliza maharage yamebaki muda gani. Akanionyesha dirishani: yalikuwa yanaanza kutoa maua.

Nilikwenda kumweleza mume wangu. Tulikuwa na njia tatu, na zote zilikuwa na miiba. Kunyamaza na kula, mguu ungemlaza huko huko ugenini, na deni lingebaki kwa wenyeji wetu. Kutoa fedha ya beberu kungekuwa kumwambia mkwe usoni kwamba tumejua siri yake. Iliyobaki ni kutoa siri yetu sisi. Hakunijibu. Alivaa kofia yake akatoka barazani, nami nikaingia jikoni, ambako kila neno la barazani husikika.

Alianza kwa kuzunguka, kama wanavyofanya wanaume. Kisha akasema, "Mkwe, nakuomba usimchinje yule mnyama."

Mkwe alicheka. "Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, alipofikiwa na wageni aliwaletea ndama wa kuchoma. Mimi ni nani nisichinje hata beberu?"

Pakawa kimya. Nilichungulia, nikamwona mume wangu anainama, anavua kiatu, kisha soksi. Kidole kilikuwa bado chekundu, kinang'aa. Akaitoa karatasi mfukoni akaikunjua polepole, akamsomea mkwe maneno ya daktari yote, hata lile la maini. Sikupata kumwona akimfunulia mtu mwingine udhaifu wake namna ile.

Mkwe alisikitika kwa dhati, lakini hakukubali. Alisema basi nyama wataila wengine, mgeni atapewa kuku. Hapo Bibi, aliyekuwa karibu nami akipepeta mchele, alisema kwa sauti ya kusikika hadi nje:

"Nabii Ibrahim alikwenda kwa watu wake, akarudi na ndama wake. Hatukusikia kwamba alipita kwa jirani."

Hakuna aliyejibu. Mume wangu alianza kuvaa soksi yake kwa makini makubwa, kama mtu asiyesikia vizuri, na kwa hilo nilimshukuru. Kisha akasimulia ile habari iliyopokewa na Jabir na kutajwa katika Sahihi Muslim: kwamba Mtume (S.A.W.) alimchukua Jabir nyumbani kwake, mkate ukaletwa, akauliza kama kuna kitoweo, akaambiwa hakuna ila siki. Akaagiza iletwe, akaisifu siki kuwa kitoweo chema. Na huyo aliyekaribishwa alikuwa mgeni. "Mimi hata siki sijaomba," mume wangu alimaliza. "Nimeambiwa hapa kuna makande."

Mkwe aliangalia migomba kwa muda mrefu. "Majirani wamemwona," alisema mwishowe, na nikajua amekwisha kukubali.

Sasa niyaseme makande, maana ndiyo niliyoyafuata jikoni. Mahindi ni yaliyokobolewa kwa kutwangwa, maganda yakapepetwa. Maharage huchaguliwa, yakalowekwa usiku kucha, na maji yale yakamwagwa. Bibi hana mzaha na kuchemsha: maharage mekundu yasipochemka sawasawa yanaumiza tumbo, na moto hafifu hauyafai. Mahindi yanatangulia chunguni, kisha maharage, hadi vyote vilainike bila kupondeka. Ndipo anapokaanga kitunguu na nyanya na karoti pembeni, anachanganya, anatia chumvi mwisho, na siku ile alitia tui la nazi zangu, jambo ambalo alisema ni anasa ya watu wa chini. Pembeni palikuwa na mnavu uliopikwa kwa karanga, na mumunye wa kukaanga kwa bizari. Nilipousifu mumunye, Bibi alinikumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alialikwa na fundi cherehani, akaletewa mchuzi wenye mumunye na nyama iliyokaushwa, na Anas akamwona akiutafuta mumunye pande zote za sahani.

Kuku mmoja alichinjwa siku ile. Alipikwa supu yenye pilipili manga, akapelekwa chumbani kwa mzazi. Hakuna aliyemwonea kijicho.

Tulikula tumeketi mkekani. Makande hayaigizi kitu. Labda ndiyo sababu mume wangu hakutafuta nyama ndani yake. Aliongeza mara mbili. Na jambo moja niliwaza katikati ya kula: maharage yale yalikuwa yamelowekwa tangu usiku, kabla ya soksi kuvuliwa. Sikumuuliza Bibi aliyalowekea nani.

Baada ya Isha, giza lilipotanda, niliona taa ya simu ikishuka taratibu kwenye kijia cha kwenda kwa jirani. Nyuma yake zilisikika kwato.

Tumerudi Dar es Salaam, na siwezi kusema tumeacha nyama. Hatuna nia hiyo. Mwenyezi Mungu katika Suuratul Maida ametukataza kuharamisha vizuri alivyotuhalalishia, na Idi ya kuchinja haina mbadala wa soya. Tumepunguza tu, tena kwa hesabu. Wataalamu wa Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani wanashauri mtu mzima asizidishe gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki nzima. Mume wangu peke yake alikuwa akizimaliza kwa siku mbili. Soseji za watoto tumeziondoa kabisa, kwa kuwa mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliziweka nyama za kusindikwa za namna hiyo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani.

Nyama sasa ni siku mbili kwa wiki, na mume wangu hula kidogo kuliko wote. Siku nyingine ni kunde, choroko, mbaazi za nazi, dengu, bilinganya, na fenesi changa linapopatikana, ambalo likipikwa kwa viungo hudanganya hata macho. Mayai na maziwa hatukuyaacha, kwani vitamini B12 haitokani na mimea. Chai nimeihamisha, haitangamani tena na chakula, kwa sababu huzuia madini ya chuma yaliyomo katika maharage yasifyonzwe vema. Badala yake nakamua limau au nakata chungwa. Mwanangu wa mwisho bado analalamika siku za choroko. Namwachia alalamike.

Mwezi uliopita mkwe alipiga simu: anakuja mjini kwa shughuli zake, atalala kwetu siku mbili, na ameniletea gunia dogo la maharage mapya. Asubuhi ya kumpokea nilikwenda sokoni. Nilichukua mumunye, nilichukua mchicha, nikachagua nazi tatu, na miguu yangu yenyewe ikanifikisha buchani. Mwenye bucha ananijua. Alikwisha kuinua panga, akaniuliza kama ni kilo tatu za kawaida.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyostahili. Kisha nikamwambia anipimie moja.