Safari ya Kutafuta Kazi: Tuliyojifunza Kigoma na Ujiji

Kama hujawahi kufika Kigoma, ujue kwamba hapo ndipo reli inapoishia. Treni itokayo Dar es Salaam huvuka Morogoro, Dodoma na Tabora, kisha hupita Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza. Baada ya kilomita zaidi ya 1,200 husimama mbele ya ziwa, na hakuna pa kwenda tena ila majini. Jengo la stesheni ni la enzi ya Wajerumani, limesimama juu kidogo ya bandari. Mgeni anayetoka nje na mizigo yake hulikuta Ziwa Tanganyika limetanda mbele yake, na siku isiyo na ukungu huiona milima ya Kongo ng'ambo ya pili.

Sisi tulishuka hapo mwaka 2013, watu watano: baba, mama na watoto watatu, mdogo akiwa mgongoni. Tulitoka Muheza, mkoani Tanga, na magodoro mawili, masufuria, cherehani na sanduku la zana za useremala. Katika nyumba yetu mama ni muuguzi na baba ni seremala. Karakana aliyokuwa akifanyia kazi baba ilikuwa imefungwa, na mama alikuwa amepangiwa kituo mkoani Kigoma.

Ndugu walitushauri vizuri tu. "Mama atangulie," walisema, "baba na watoto wabaki mpaka mambo yatakapokaa sawa." Tulikaa siku kadhaa tukiupima ushauri huo, maana haukuwa wa kijinga. Nauli ya watu watano si mchezo, na huko tuendako hatukuwa na hata mtu mmoja wa kutupokea. Kilichotuamulia ni kumbukumbu ya mzee mmoja.

Mzee wa mkonge

Tulipokuwa watoto kule Muheza tulikuwa na jirani, mzee wa Kiha, ambaye alikuja katika miaka ya 1950 kukata mkonge. Alituhadithia habari za ziwa kubwa lisilo na chumvi na samaki waitwao migebuka, nasi tulidhani anatunga. Kwao aliacha mke na watoto wawili wakubwa. Kila mwaka alisema, "Mwakani narudi." Alipofariki, mwishoni mwa miaka ya 1980, wazazi wetu walitaka kupeleka habari kwao. Walifungua sanduku lake wakakuta shati moja safi, kofia na karatasi zake za kazi. Hapakuwa na barua. Wote tulijua kwamba ametoka Kigoma, lakini hakuna aliyejua kijiji chake. Majirani wakamchangia sanda, wakamzika.

Basi tukafunga mizigo, tukapanda wote.

Waliotutangulia njiani

Tulipofika ndipo tulipoanza kuelewa kwa nini mzee yule alikwenda mbali vile. Mkoa huu umezoea kupokea na kuaga watu tangu zamani. Pale Ujiji, kilomita chache kutoka Kigoma mjini, ndipo ilipoishia njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Wageni wengi huenda kuona kumbukumbu ya mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Nasi tulikwenda, tukawapeleka watoto. Lakini kivuli cha miembe ya Ujiji kiliwapumzisha watu wengi zaidi ya hao wawili. Kuna wapagazi waliobeba pembe za ndovu kichwani kwa miezi mingi hadi pwani, wengine wakifuatana na wake zao. Kuna pia watu waliopita hapo wakiwa watumwa, ambao safari haikuwa hiari yao.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Wengi tungetegemea kwamba reli italeta kazi, lakini kwa miaka mingi ilichukua wafanyakazi. Katika enzi ya Waingereza kila mwanamume alidaiwa kodi, na kodi ililipwa kwa fedha taslimu. Huku Buha hapakuwa na zao kubwa la biashara la kumpatia mtu fedha hiyo, kwa hiyo wanaume walikwenda mahali fedha ilipo, nako ni kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha chombo chao cha kuandikisha vibarua, kikajulikana kwa jina la SILABU. Mtu aliandikishwa, akapewa namba, akasafirishwa. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Huko shambani alipewa kipande cha siku 30 za kazi, na siku asiyokwenda kazini haikuhesabiwa. Mshahara ulitoka kipande kilipojaa.

Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha mkonge unaokaribia tani 230,000. Baada ya hapo bei ikashuka, kwa kuwa kamba za nailoni zilianza kuchukua nafasi ya katani. Mashamba yakapungua, lakini si kila manamba aliyerudi kwao. Wengine waliona haya kurudi mikono mitupu. Wengine walikuwa wameoa tena. Wengine, kama mzee wetu, walikuwa wanangoja mwakani.

Bibi aliyetuuliza habari za Tanga

Kanisani sisi akina mama tuna zamu ya kuwatembelea wajane na wagonjwa. Mwaka wetu wa pili hapa tulipelekwa kwa bibi mmoja anayeishi pembeni mwa Ujiji na mjukuu wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Karibuni mkeka. Ninyi wawili lafudhi yenu si ya huku, mmetoka wapi?"

"Mwenzangu huyu ni wa Tabora, bibi. Sisi kwetu ni Tanga."

Akaacha kuchambua maharage. "Tanga ya mkonge?"

"Ndiyo, bibi. Muheza."

Akatueleza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, kwamba mumewe alikwenda huko akamwacha na mtoto wa miezi minne. Zilikuja fedha mara mbili, zimeletwa na watu waliorudi. Halafu hazikuja tena. Hakuolewa na mtu mwingine, kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa yeye ni mjane.

Tulimhadithia habari za mzee wa Muheza. Hakuwa yeye, maana mzee wetu aliacha watoto wakubwa na bibi aliachwa na mchanga. Hata hivyo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: je, watu walikwenda mazikoni? Tukamwambia walijaa mpaka barabarani. Akatikisa kichwa, akarudia maharage yake.

Kazi ya hapa na kazi ya mbali

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya kale. Sisi wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto tunawajua wake wengi ambao waume zao wako kwenye mashamba ya tumbaku ya Urambo na Kaliua. Baba huondoka msimu unapoanza na hulipwa tumbaku ikishauzwa. Mara nyingine familia nzima huondoka, na mtoto hukosa chanjo kwa sababu tu kadi ya kliniki ilisahauliwa nyumbani. Mara nyingine anayekwenda ni kijana wa miaka 13. Akina mama, jani bichi la tumbaku likiwa na umande hutoa sumu inayopenya kwenye ngozi, na mchumaji hushikwa na kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Kazi hiyo si ya mtoto. Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 nayo inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na kazi za hatari ni marufuku kwa aliye chini ya miaka 18.

Sisi tulibahatika. Baba alikaa miezi mingi bila kazi, akipika na kupeleka watoto shule, na si kila jirani aliyemwelewa. Kisha alikwenda mwalo wa Kibirizi kutazama mafundi wa mitumbwi. Alikuwa anajua mbao lakini hakujua maji, akaanza upya kama mwanafunzi: kukunja ubao, kupigilia, kukalafati kwa pamba ili maji yasiingie. Mji huu umezoea kazi ya namna hiyo. Meli ya Liemba yenyewe iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma.

Ziwa hili ni la pili duniani kwa kina, mita 1,470, na linatulisha wengi. Usiku wa giza taa za wavuvi wa dagaa huonekana majini kama mji mwingine. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, kwa sababu dagaa hawaifuati taa. Asubuhi wanawake hununua dagaa mwaloni na kuwaanika. Kwa kazi hiyo wamesomesha watoto, hata pale ambapo baba yuko mbali na habari zake hazijulikani.

Zamu yetu

Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Sababu yake tuliielewa. Lakini mvuvi asiyevua haagizi mtumbwi. Baba akakaa wiki mbili bila kazi, kisha jioni moja akasema, "Mama watoto, nitakwenda Mpanda. Wanasema huko kuna ujenzi."

"Baba watoto, si tuliapa kwamba tutakwenda wote?"

"Tuliapa. Lakini ada ya mkubwa tutailipa kwa kiapo?"

Hatukuwa na jibu. Akapanda basi la Mpanda. Tuliagana kwamba atapiga simu kila Jumapili jioni.

Jumapili ya kwanza alipiga. Ya pili hakupiga. Ya tatu simu haikupatikana kabisa. Sisi ambao kila siku tuliwapa wake wenzetu moyo pale kliniki, tukajikuta tumekaa kwenye benchi lao. Mtoto wa mwisho akauliza kama baba amekufa. Tukamwambia hapana, lakini usiku tulimkumbuka yule bibi, tukahesabu: yeye naye alianza na Jumapili tatu.

Siku ya 19 alipiga kwa simu ya kuazima. Kazi ya ujenzi ilikuwa ya siku chache tu. Aliuza simu yake ili apate chakula na pa kulala, na hakutaka tujue. "Niliona haya," alisema. "Nilitaka nipate kwanza kitu cha kusema." Alirudi mwishoni mwa Agosti na shilingi 70,000 na nusu gunia la mpunga. Ada tulikuwa tumeshakopa. Tulikasirika na tulifurahi, vyote kwa pamoja, na ilichukua muda mpaka mazungumzo yakarudi kama zamani.

Kabla begi halijafungwa

Tangu hapo hatumwambii mwanamke yeyote, "Usimruhusu mumeo aende." Njaa haina adabu, na hata Naomi wa Bethlehemu aliondoka kwao na jamaa yake kwa sababu ya njaa. Tunachosema ni kwamba haya huua nyumba nyingi kuliko umbali. Mume asiye na fedha hunyamaza, mke hutafsiri ukimya kuwa amesahauliwa, naye huanza kunyamaza pia. Kwa hiyo, kabla begi halijafungwa, kaeni chini mkubaliane haya:

Kwanza, siku ya kupeana habari, na kwamba habari itolewe hata kama haina fedha ndani yake. "Sijapata kitu, niko mzima" ni ujumbe kamili.

Pili, andikeni kwenye daftari jina la mahali anapokwenda, mwajiri, na namba ya mtu mwingine wa huko. Yeye naye abebe kwenye karatasi jina la kijiji chenu na namba ya jirani, maana simu huibwa na huuzwa.

Tatu, mjue tarehe ya kurudi kutazamana, hata kwa siku mbili. Akirudi, nendeni pamoja mkapime afya, ikiwa ni pamoja na virusi vya UKIMWI. Wasindikizeni wenzenu wanaoogopa. Sisi kliniki tunawapokea wanandoa kila siku, na hakuna anayewacheka.

Nne, familia ikihama yote, kadi za kliniki za watoto na ya mama mjamzito ziwe mfukoni mwa mama, si chini ya gunia.

Mwisho, mke anayebaki awe na shughuli yake, iwe dagaa, mawese, cherehani au bustani. Akiwa na chake, anaweza kumwambia mumewe kwa moyo mweupe, "Rudi hata kama hukupata."

Sisi bado tuko Kigoma. Baba amerudi mwaloni, na wiki hii anamalizia mtumbwi wa mvuvi wa Katonga. Katika daftari letu la nyumbani, ukurasa wa kwanza, tumeandika jina la kijiji chetu cha Muheza, kata na tarafa yake. Mkubwa wetu anamaliza kidato cha nne mwaka huu, naye ameanza kuulizia kazi Dar es Salaam. Tumempa daftari lake.