Safari Katika Nchi ya Wadong

Wasomaji wengi husikia habari za Uchina, nao hudhani ya kuwa watu wa nchi ile wote ni kabila moja na lugha moja. Sivyo. Serikali yao yahesabu makabila 56. Wahan, ndio wale tuwaitao Wachina, ni zaidi ya watu 90 katika kila 100. Makabila mengine yote huitwa madogo, ingawa kwetu baadhi yake yangehesabiwa kuwa makubwa sana. Wadong, ambao nataka kueleza habari zao, walikuwa karibu milioni tatu na nusu katika hesabu ya mwaka 2020. Wenyewe hujiita Kam, na makao yao ni milima ya majimbo ya Guizhou, Hunan na Guangxi. Lugha yao si tawi la Kichina. Wataalamu huihesabu katika jamaa moja na Kithai.

Nalikuwa nikisomea kazi ya ualimu mjini Guiyang, ulio mji mkuu wa Guizhou, na huko nikapata rafiki, mwalimu kama mimi, Mdong kwa kuzaliwa. Likizo ya wakati wa joto ilipofika akaniambia, "Ndugu mwalimu, miaka miwili umeiona nchi yetu, lakini nyumbani kwetu hujafika." Basi tukafunga safari, yeye, mkewe, binti yao wa miaka minane, na mimi.

Zamani, alisema, safari ile ilikuwa kazi ya kutwa nzima, motokaa ikizunguka milima. Lakini Desemba 2014 ilifunguliwa reli ya mwendo wa kasi kutoka Guiyang mpaka Guangzhou. Hupenya milima kwa mashimo na kuvuka mabonde kwa madaraja, hata abiria hajui kama yu juu ya nchi au chini yake. Kabla ya saa mbili kutimia tukashuka katika stesheni ya Congjiang. Reli ile huleta wageni, nayo huchukua wenyeji: vijana wengi huenda Guangdong kufanya kazi katika viwanda, na vijijini husalia wazee na watoto.

Kutoka stesheni si mbali kufika Zhaoxing, kijiji kikubwa chenye sifa katika nchi ya Wadong. Hapo naliona minara mitano ya ngoma, kila mmoja ni wa ukoo mmoja. Mnara wa ngoma hujengwa kwa miti mirefu iliyonyoka, paa juu ya paa, na mapaa hayo hesabu yake huwa witiri. Mafundi hawatumii misumari. Kila mti umetobolewa na kuchongwa ulimi ili uingiane na mwenzake. Zamani ngoma iliyo juu ilipigwa kuwaita watu wakati wa moto au vita. Chini yake pana mabenchi, na katikati pana meko, na wazee huketi hapo kuzungumza na kuamua mashauri. Nalipouliza majina ya minara ile, rafiki yangu alinijibu ya kuwa ni Wema, Haki, Adabu, Hekima na Uaminifu. Nikafikiri moyoni kwamba mtoto akuaye hapo hujifunza somo la maadili kila apitapo njiani.

Kesho yake tukapanda mlima kwa miguu kwenda kijijini kwao. Majaruba ya mpunga yamekatwa ubavuni mwa mlima kama ngazi. Ndani ya maji ya mpunga hufuga samaki, na bata huogelea juu: samaki na bata hula wadudu na magugu, na mavi yao huwa mbolea. Ustadi huo wa Wadong wa Congjiang uliandikwa mwaka 2011 na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, katika orodha ya urithi wa kilimo duniani. Penye nyumba tulisikia mapigo kama ya watu watwangao, kumbe ni wanawake wakipiga nguo iliyotiwa nili kwa nyundo za mti, mpaka ing'are kama chuma.

Mama yake rafiki yangu alitupokea kwa wali wa mchele unatao na samaki waliotiwa uchachu. Yeye ni mwalimu wa nyimbo. Wadong tangu kale hawakuwa na maandishi yao. Herufi za Kirumi walitengenezewa mwaka 1958, na hata leo wazisomao ni wachache. Kwa hiyo habari za wazee wao, mapenzi, na mafundisho ya kuheshimu wazazi, yote yaliwekwa katika nyimbo, na mwalimu wa nyimbo ndiye kitabu chao. Jioni wanawake wakakusanyika mnarani wakatuimbia zile nyimbo kuu zilizotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2009. Hapana chombo wala mwongozaji. Sauti ya chini hushikwa na wengi, na ya juu hupaa peke yake, kisha zote hukutana. Katika wimbo mmoja waliiga nyenze, wale wadudu waliao mitini wakati wa joto, hata nikainua macho kuwatafuta.

Lakini jambo lililonishika zaidi nalikuwa nimeliona mapema, tulipokuwa tukila. Yule mama alisema neno, watu wakacheka, nami nikamgeukia rafiki yangu anifasirie kwa Kichina. Mara nikaona ya kuwa binti yake naye amemgeukia, akingoja tafsiri ile ile. Mimi, mgeni niliyetoka Muheza, na mjukuu wa nyumba ile, tulikuwa hali moja. Bibi alimpa mtoto mnofu mnono wa samaki, akamwambia maneno marefu ya upole, na maneno yale yakapita kinywani mwa baba kabla ya kumfikia.

Usiku rafiki yangu alinieleza sababu. Alipoingia shule hakujua Kichina, na wenzake walimcheka mpaka akaacha kusema kabisa. Akaapa ya kuwa mtoto wake hatachekwa. Basi yeye na mkewe husema naye Kichina tu, naye sasa ni wa kwanza darasani. "Nalimpa mlango," akaniambia, "na mlango huo ni wa kweli. Bila Kichina hapati kazi wala cheo. Lakini mama yangu ana miaka zaidi ya sabini, na nyimbo zake nani atamwachia?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Katiba ya nchi ile, ya mwaka 1982, yaruhusu kila kabila kuitumia na kuikuza lugha yake, nayo yaagiza pia lugha ya taifa ienezwe kila mahali. Maneno yote mawili ni mema, lakini siku ya mtoto ina saa chache, na mtihani huulizwa kwa lugha moja tu. Katika shule kadhaa za sehemu zile waalimu wa nyimbo huitwa kuwafundisha watoto, nalo ni jambo jema. Lakini wimbo usioeleweka ni sauti tu. Asubuhi yake nalimsikia yule binti akiuimba wimbo wa nyenze pamoja na bibi yake, sawasawa kabisa, wala hakujua maana ya neno hata moja. Rafiki yangu alisimama mlangoni akisikiliza. Kisha akamwambia mkewe ya kuwa mtoto asirudi nao mjini, abaki kijijini mpaka likizo iishe. Mkewe akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na masomo yake?" Tulipoondoka walikuwa hawajakata shauri.

Wahenga wetu walisema, mwacha asili ni mtumwa. Lakini mzazi yule hakuacha asili kwa kuidharau. Aliogopa mtoto asichekwe. Basi kicheko kile cha darasani ndicho kilichoanza kuikata kamba, na kicheko cha darasani kimo mikononi mwetu waalimu. Kiswahili ni lugha yetu sote, nami nakipenda, wala hakihitaji Kibondei cha babu zangu kife ili kisitawi. Mtoto ajapo shuleni na lafudhi ya kwao, tusimcheke wala tusiwaache wenzake wamcheke. Tena tumwagize amwombe bibi yake hadithi moja kwa lugha ya nyumbani, aje atusimulie kwa Kiswahili. Kazi hiyo haina gharama, wala haimpunguzii mtoto alama hata moja. Ila bibi hawangoji, na likizo ni fupi.