Biharusi wa Nchi ya Baridi na Gari Lisilopasha Joto



Mmezoea niwaandikie habari za shela, kanzu za harusi na rangi za vitambaa. Leo nataka tuzungumze juu ya hita ya gari la umeme. Msicheke. Kila mwaka nawavisha mabiharusi wanaopanda ndege kuwafuata waume zao Ulaya, na huko wanakokwenda gari ni kama viatu, bila yake hutoki nyumbani. Norwei, mwaka 2024, karibu magari 9 katika kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Kwa hiyo biharusi anayeolewa huko, asipopanda gari la umeme leo, atalipanda kesho.

Mmoja wao ni mtoto wa kaka yangu. Anaishi Drammen, mji ulio kiasi cha kilomita 40 kutoka Oslo. Mumewe anafanya kazi zamu za usiku, na gari lao wamelinunua limeshatumika. Kila Jumapili alikuwa akienda Oslo kwenye darsa ya kina mama wenzake wanaozungumza Kiswahili. Hiyo ndiyo siku yake ya kucheka na kusikia lugha ya kwao. Mwezi wa Disemba jua la Oslo huzama kama saa tisa na robo mchana. Mtu akikosa wenzake katika giza lile, moyo unabana.

Mara nikasikia haendi tena. Hita ya gari ilikuwa ikitoa joto kidogo, kisha upepo wa baridi tupu, naye ana mtoto wa miezi saba. Gereji moja ilimwambia hita nzima ibadilishwe, bila ya kumwonesha kilichoharibika. Akanipigia simu: "Shangazi, niuzie zile bangili." Bangili zenyewe ni za mahari yake, aliniachia amana.

Nikamwambia, "Mwanangu, dhahabu ni yako. Ukisema niuze, nitauza. Lakini kwanza tujue tunanunua nini."

Sisi mafundi cherehani tuna utaratibu wetu. Mashine ikiruka mishono hatukimbilii kufungua mota. Tunatunga uzi upya, tunabadilisha sindano, tunatazama bobini, ndipo tunakwenda ndani. Kilicho rahisi na kisicho na gharama hutangulia. Nikenda kwa fundi wa mafriji wa mtaani kwetu anieleze joto la gari linavyotengenezwa, kisha mimi na mwanangu tukakaa kwenye simu, yeye na kitabu cha gari mkononi.

Gari la petroli linapata joto bure, kwa sababu injini inachemka yenyewe na joto lake linaletwa ndani. Gari la umeme halina moto huo. Lazima litumie umeme wa betri, na njia ni mbili. Ya kwanza ni kama pasi: umeme unapita kwenye hita, hita inawaka. Katika magari mengi hita hiyo inapasha maji ya kulanti, pampu ndogo inayazungusha, na feni inapuliza hewa juu ya bomba zake. Ya pili ni pampu ya joto, ambayo ni friji iliyogeuzwa. Mgongo wa friji yako una joto, kwa sababu linatolewa ndani na kutupwa nje. Pampu ya joto inalichota joto kwenye hewa ya nje, hata ikiwa ya baridi, na kulileta ndani. Inakula umeme mdogo kuliko pasi, lakini baridi ikiwa kali sana nguvu zake hupungua.

Sasa maswali, kwa mpangilio wake.

Kwanza, je, umeiomba joto kweli? Tazama nyuzi ulizoweka, na kama umewasha joto au feni peke yake. Kitufe cha Eco kwenye magari mengi kinapunguza joto ili kubana matumizi. Na betri ikikaribia kwisha, baadhi ya magari hupunguza au huzima joto yenyewe.

Pili, je, upepo unatoka? Ukiwa dhaifu, huenda filta ya hewa ya ndani imejaa vumbi, au theluji na majani yameziba mahali hewa inapoingilia, chini ya kioo cha mbele. Hayo unayasafisha mwenyewe. Usipotoka kabisa, aangaliwe fyuzi na feni.

Tatu, upepo una nguvu lakini wa baridi? Magari mengi yana ukurasa kwenye skrini unaoonesha umeme unaotumiwa na joto. Ongeza nyuzi, utazame. Namba isipopanda, hita haiwaki: huenda ni fyuzi, hita yenyewe, au amri haifiki. Namba ikipanda na upepo ukabaki baridi, joto linatengenezwa lakini halikufikii. Hapo shaka inakwenda kwenye kulanti iliyopungua, hewa iliyonasa kwenye mabomba, pampu isiyozungusha, au mlango mdogo wa ndani unaogawa hewa ya moto na ya baridi. Kwa gari la pampu ya joto, muulize fundi pia kama gesi imepungua.

Kwa mwanangu namba ilipanda, ikakaa kidogo, ikashuka. Nyuma ya dashibodi alisikia sauti ya maji yakibwabwaja. Aliyaandika yote mawili kwenye karatasi, akaenda gereji nyengine yenye fundi aliyesomea magari ya umeme. Jibu likapatikana siku ile ile: mpira wa kulanti ulikuwa ukivuja kidogo kidogo, maji yamepungua, hewa imeingia. Hita ilikuwa inapasha yale machache yaliyobaki, kisha inajizima kujilinda. Mpira ukabadilishwa, kulanti ikajazwa, hewa ikatolewa. Hita ni ile ile ya zamani, na bangili ziko palepale nilipoziweka. Alhamdulillah.

Na hapa nawaonya, wapenzi. Kuuliza maswali si kufungua gari. Nyaya nene za rangi ya machungwa zina umeme mkubwa, aghalabu kiasi cha volti 400, unaoua. Hata kulanti na mafuta ya kompresa yawe ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Kazi yetu ni kutazama, kusikiliza na kuandika. Mkono ni wa fundi.

Mengine ya kila siku. Pasha gari joto likiwa bado kwenye chaja, ili joto la mwanzo lilipwe na umeme wa ukutani. Hita inayokula kilowati 3 kwa saa mbili imekula kilowati-saa 6, na kwa betri ndogo ya 24 hiyo ni robo nzima. Kiti chenye joto chake kinatumia kidogo sana, mara nyingi chini ya wati 100, basi kiwashe hicho uishushe hita. Vioo vikifanya ukungu, washa eyasi pamoja na joto, maana inakausha hewa, wala usizungushe hewa ya ndani kwa ndani.

Kwenye nguo, chini ya baibui vaa nyepesi mbili tatu za kubana, hasa za sufi, kuliko koti moja zito. Na mtoto usimfunge mkanda wa kiti juu ya koti nene la kutuna. Mkanda unaonekana umebana kumbe umelegea, na gari likigonga anaweza kuchomoka. Mfunge kwanza, kisha mfunike blanketi.

Mabiharusi zangu, mahari ni haki yako, na kuitumia si aibu. Aibu ni ya anayekuuzia usichokihitaji. Ukiambiwa kitu kizima kimekufa, omba kwa upole uoneshwe. Na ukijikuta umeacha kwenda kwa wenzako kwa sababu ya kitu kama hita, mwambie mumeo, mwambie mama, nipigieni na mimi. Baridi ya gari ina fundi wake. Ya kukaa peke yako miezi mitatu gizani ni nzito zaidi, na tunaomba Mwenyezi Mungu awakinge nayo, awape waume wenye huruma na majirani wema. Amin.