Bandia na Nakala: Saa za Fundi wa Lunga Lunga

Neno "bandia" lina maana mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza zaonekana kupingana. Maana mojawapo ni mwanasesere, yaani kitu kilichoundwa kwa mfano wa mtu ili watoto wakichezee. Maana ya pili ni kitu kisicho halisi, kilichofananishwa na kingine ili kimhadae mtu. Mtoto ambebaye mwana wa bandia mgongoni na kumbembeleza hajahadaika hata chembe. Ajua fika kwamba amebeba kitambaa na pamba. Apokeaye noti bandia, kwa upande wake, amekwisha kuibiwa kabla hajaikunja. Neno ni moja, ila katika hali ya kwanza kila mhusika aujua ukweli, na katika hali ya pili mmoja aujua na mwenziwe amefichwa. Tofauti hiyo ndiyo iliyomshughulisha kwa miaka mingi mzee mmoja wa Lunga Lunga ambaye hakupata kuketi katika darasa la isimu, bali amekuwa akikusanya na kutengeneza saa za mkononi zilizoundwa kwa kuiga saa zenye majina makubwa.

Lunga Lunga, katika Kaunti ya Kwale, ni mji wa mpakani. Barabara itokayo Likoni hupitia Ukunda na Msambweni hadi hapo, na ng'ambo ya pili ni Horohoro, kwenye njia ya kwendea Tanga. Mpaka huo hubadilisha sarafu, sheria na sare za askari, lakini haubadilishi saa: Kenya na Tanzania zote hufuata Saa za Afrika Mashariki, zilizotangulia zile za Greenwich kwa saa tatu. Fauka ya hayo, watu wa pande zote mbili huisoma saa kwa namna moja. Akrabu fupi ikielekea kwenye tarakimu ya moja, wao husema ni saa saba. Mswahili, basi, amezoea tangu utotoni kwamba uso wa saa hutamka jambo moja na msomaji hulielewa kwa namna yake.

Kwa kazi ya kumpa riziki, mzee huyu ni fundi cherehani. Saa ni uraibu wake wa alasiri za Ijumaa na wa siku za mvua, wateja wa kushonesha wanapoadimika. Vifaa vyake ni vichache: kioo cha kukuza cha kubana jichoni, bisibisi ndogo ndogo, kibano, kipulizio cha mpira cha kuondolea vumbi, na sindano ya cherehani aliyoichonga ncha ili imsaidie kudondosha tone dogo mno la mafuta. Mafuta ya cherehani yenyewe hayatii kamwe katika saa, kwa kuwa ni mepesi, husambaa na kupaacha pakavu pale palipohitaji kulainishwa. Katika ukanda huu wa joto na hewa ya chumvi, saa isiyofunguliwa kwa muda mrefu hupatwa na kutu kabla mwenyewe hajatambua.

Sanduku lake la bati lina saa za namna mbalimbali. Zimo Seiko 5, jamii ya saa za Kijapani iliyoanza kuuzwa mwaka 1963. Imo HMT ya Kihindi, iliyotoka katika shirika la serikali ya India lililoanza kuunda saa mwaka 1961 kwa ushirikiano na kampuni ya Citizen ya Japani, na ambalo kampuni yake tanzu ya saa ilifungwa mwaka 2016. Lakini nyingi zaidi ni zile zenye majina ya Rolex na Omega usoni, ilhali hazijapata kuiona Uswisi. Amezipata zikiwa mbovu: nyingine katika marundo ya mitumba huko Kongowea, nyingine kwa watu waliochoka nazo. Saa za betri haziingii sandukuni humo. Tangu Seiko ilipoanza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, tarehe 25 Desemba 1969, usahihi umekuwa jambo la bei nafuu. Mzee hatafuti usahihi pekee. Ataka kitu anachoweza kukifungua, akakiona kikifanya kazi, na akaweza kukieleza.

Na maelezo yake hayana utata. Saa ya mitambo huanzia kwenye kamani, utepe mrefu wa chuma uliokunjwa ndani ya kipipa kidogo. Mtu anapoitia saa ufunguo, kamani hukazwa. Inapojikunjua, huyasukuma magurudumu yenye meno. Lau pasingekuwa na kizuizi, nguvu yote ingekwisha mara moja na akrabu zingezunguka kama pia. Kizuizi hicho ni kipande chenye umbo la nanga ambacho hulishika jino moja, kikaliachia, kisha kikalishika la pili, kwa kufuata mwendo wa gurudumu dogo liendalo huku na kurudi kule, likirudishwa na springi nyembamba kama unywele. Katika nyingi ya saa za kuiga zilizomo sandukuni, mapigo hayo ni 21,600 kwa saa moja, yaani 6 kwa kila sekunde, na 518,400 kwa usiku na mchana. Saa ya namna hiyo ikipotea sekunde 30 kwa siku, imekosea chini ya sehemu 4 katika kila 10,000.

Rolex halisi za miongo ya karibuni hupiga 28,800 kwa saa, yaani 8 kwa sekunde, na sikio lililozoea huweza kuzipambanua na zile za kuiga za mapigo sita. Ziko na ishara nyinginezo. Akrabu ya sekunde ikiwa yaruka mara moja tu kwa kila sekunde, aghalabu mna betri ndani. Dhahabu ikiwa ni ya kupakwa, huchakaa kwanza kwenye pembe zinazosuguana na mkono, na shaba ikajitokeza. Lakini jambo limstaajabishalo mzee ni kwamba uongo wote wa saa hizi uko usoni. Mtambo wa ndani, ulioundwa kwa wingi nchini Uchina, haumdanganyi mtu: kamani ni kamani, meno ni meno, na yale mapigo 518,400 hupigwa kweli. Wahenga waliposema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, huenda hawakuwazia nyumba ambayo mlango wake ndio mwongo na vyumba vyake ni vya haki.

Wala kuiga saa si uovu uliozaliwa Mashariki. Katika karne ya 18, saa zilizoundwa katika nchi nyingine za Ulaya ziliuzwa zikiwa zimechorwa majina ya mafundi wa London, maadamu London ndiyo iliyokuwa na sifa wakati huo. Katika karne ya 19, kampuni za Marekani kama vile Waltham zilipopata jina, baadhi ya karakana za Uswisi zilitoa saa zenye majina yaliyokaribiana na yale ya Kimarekani. Leo Uswisi ndiyo ilalamikayo.

Sheria nayo ina kauli yake. Mwaka 2008 Kenya ilitunga sheria dhidi ya bidhaa bandia, inayomkataza mtu kuziunda, kuziuza, au kuziweka kwa ajili ya biashara. Katika mji wa mpakani sheria kama hiyo hufahamika vyema. Mzee hauzi saa zake. Wako waliomshawishi, wakamweleza kwamba kule Diani, wanakofikia watalii, saa moja iliyong'arishwa ingemletea fedha kuliko sare za shule za mwezi mzima. Yeye huchukua sindano yake, akafungua kifuniko cha nyuma cha saa anayoitengeneza, na kukwaruza kwa ndani neno "nakala" pamoja na mwaka. Baada ya hapo huifunga. Nje hapaonekani kitu.

Siku moja alifika kijana kutoka upande wa Vanga, ameshika saa iliyofungwa katika leso. Ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyefanya kazi Uarabuni kwa miaka mingi na kurudi nayo. Nyumbani iliaminika kuwa ni Rolex ya dhahabu, na ndiyo akiba pekee iliyosalia. Dada yake alikuwa ameitwa chuo kikuu na karo haikuwepo. Mnunuzi alikwisha kupatikana Diani, mgeni aliyekuwa tayari kulipa, mradi saa ipitiwe kwanza na fundi ili iende vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Mzee aliitia saa ufunguo, akaiweka sikioni. Jibu alilipata hapo hapo, ila aliifungua kwa ajili ya kijana.

"Mwanangu, saa hii si ya Uswisi," alisema. "Wala hii si dhahabu. Ni shaba iliyopakwa."

Kijana alinyamaza kitambo. "Kwa hiyo baba alitudanganya?"

"Alivyouziwa sivijui. Hebu tazama hapa." Alimpa kioo cha kukuza. Ndani ya kifuniko palikuwa na mikwaruzo mitatu midogo, kila mmoja na tarehe yake, kama ilivyo ada ya mafundi wengi wa saa kuacha alama kila wafanyapo kazi. "Imefunguliwa na kusafishwa mara tatu. Baba yako aliitunza. Na fundi aliyeifungua aliona nionayo mimi. Huenda alimwambia."

"Basi kama alijua, mbona hakutwambia?"

Kwa swali hilo mzee hakuwa na jibu. Kijana aliitazama saa, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na nikikaa kimya? Yule mnunuzi hakuniuliza kama ni ya asili. Aliniuliza kama yaenda."

"Itakwenda, nitaitengeneza. Lakini bei aliyokutajia si ya kwenda kwake, ni bei ya jina. Hivi ilivyo mkononi mwangu, ni nakala tu. Ukimuuzia kwa bei hiyo nawe umenyamaza, hapo ndipo itakapokuwa bandia, na wewe ndiwe utakayekuwa umeiunda."

Kijana alimweleza mnunuzi ukweli, na mnunuzi akajiondoa. Ng'ombe wawili waliuzwa, ndugu wakafanya harambee, na dada akaenda chuoni akiwa amechelewa majuma matatu. Ukweli ule haukuwa wa bure, na waliougharimia si mzee.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hana sababu ya kulionea ajabu pambanuo la mzee. Tendi za kale, ukiwamo Utendi wa Tambuka ambao hutajwa kuwa wa mwaka 1728, zimewafikia wasomaji wa leo kwa mikono ya wanakili. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia miswada wataalamu kama vile Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na kazi za mkono wake zimehifadhiwa hadi leo katika maktaba za Ulaya. Hakuna amwitaye mghushi. Kunakili kulikuwa kazi yake inayojulikana, na aliyepokea mswada alijua kwamba amepokea nakala. Laiti mtu angeutwaa mswada huo huo, akaufuta jina la mnakili na kuuza kama maandishi ya mkono wa mtunzi mwenyewe, wino usingebadilika wala karatasi. Kilichobadilika kingekuwa ni kauli ya mwuzaji, na kauli hiyo ingetosha kuugeuza mswada kuwa bandia.

Hata hivyo, mzee aliona kwamba hoja yake mwenyewe ilikuwa na upungufu, na kwamba swali la kijana lilikuwa limeugusa. Neno alilokuwa akilikwaruza ndani ya vifuniko lilisomwa na nani? Yeye na fundi mwenziwe tu. Wanawe waliliona sanduku tangu wakiwa wadogo, wakayasoma majina yaliyo usoni, na wala hakuna aliyewahi kuwaambia kinyume. Baba wa kijana naye, pengine, hakusema uongo wowote. Alinyamaza tu, na ukimya wake ukawalea watoto wakiamini kwamba wana mali.

Ijumaa iliyofuata aliwaita wanawe wote, mkubwa akitoka Msambweni, akalimwaga sanduku juu ya meza ya cherehani. Alizifungua saa moja baada ya nyingine, akawaonyesha kamani, akrabu na magurudumu, akawasomea neno lililokwaruzwa katika kila kifuniko. Kazi hiyo iliwachukua hadi magharibi. Mtoto wa mwisho, aliyezoea kutazama saa kwenye simu, aliomba apewe moja ili ajifunze kuitia ufunguo kila asubuhi, na mzee akamchagulia ile iliyokuwa na jina kubwa kuliko zote.