Kijiti cha Gofu na Karatasi ya Daktari Grant

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, aghalabu bila kuwaza ni nani hasa anayeinama na huko mvunguni anatafuta nini. Mimi, mpenzi msomaji, maana yake nimeipata mahali nisipotarajia: katika kijiti kisichozidi urefu wa kidole, kile ambacho mchezaji wa gofu hukichomeka ardhini na kuuweka mpira juu yake kabla ya kuupiga. Wachezaji hukiita tii. Naomba nikusimulie jinsi mjomba wangu na mimi tulivyounda tii yetu, na kwa nini nimeamua kuianika hapa badala ya kuificha.

Kwetu ni Bungoma, upande wa Chwele. Huko gofu ni habari ya gazetini tu. Lakini mjomba wangu anaishi Kitale, na riziki yake huitafuta katika uwanja wa gofu akiwa kedi, yaani mbebaji wa mifuko ya fimbo za wachezaji. Yeye na mimi huitana "mjomba", yeye kwangu na mimi kwake, kama ilivyo ada ya wengi. Kila likizo ya Desemba hupanda matatu kupitia Kimilili na Kamukuywa nikamsalimu, na likizo moja nilikaa naye wiki tatu nzima.

Kazi ya kedi si lelemama. Hutembea mwendo mrefu akiwa na mzigo begani, hukodoa macho kuona mpira ulikoangukia, husawazisha mchanga uliovurugwa, na kila mara huinama. Huinama kutafuta tii iliyorushwa na pigo. Mara nyingi hupata kipande tu, kwa maana tii za mti huvunjika kama njiti za kiberiti. Isitoshe, tii moja haitoshi. Fimbo kubwa ya kupigia mbali hutaka mpira uinuliwe juu. Fimbo za chuma za masafa mafupi huutaka uwe karibu na nyasi. Basi mfuko hujaa tii fupi, za wastani na ndefu, na mchezaji hupaza sauti: "Leta fupi! Hapana, si hiyo!"

Jioni moja tukinywa chai, mjomba alinitazama akasema, "Mjomba, wewe si unasoma fizikia? Hebu tengeneza moja tu yenye inaweza fanya kazi ya hizi zote."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa akijikanda kiuno.

Kabla ya kukata kijiti chochote nilimwuliza maswali siku mbili nzima, nikaandika majibu daftarini. Iwe na urefu gani? Itoshee mfukoni bila kumchoma mtu paja. Ipande na kushuka mara ngapi? Mara tatu zatosha. Je, iwe ya chuma ili isivunjike? Hapo alitikisa kichwa: "Zii! Chuma itakwaruza fimbo ya mtu, na ikibaki kwa nyasi itaharibu mashine ya kukata. Nani atalipa?" Kwa swali hilo moja mjomba aliniokolea kazi ya wiki nzima. Wala hakuwahi kuingia maabara.

Niliporudi Bungoma nilikwenda kwa mafundi wa jua kali, nikaomba makombo yao. Tulijaribu mbao laini ya msaragi, ilivunjika. Kumbuka kwamba mwezi wa Januari ardhi ya Kitale hukauka ikawa kama sakafu, na kijiti hakina budi kuipenya. Tulijaribu mkaratusi, ulivumilia kidogo. Mwishowe tulijaribu mwanzi, ambao nyuzi zake hukimbia kutoka juu hadi chini, na mwanzi ukashinda.

Hiki ndicho kijiti chetu. Kina sehemu tatu. Ya kwanza ni mguu wa mwanzi wenye urefu wa milimita 70, uliochongwa ncha upande mmoja. Ya pili ni kichwa: kipande cha mpira wa bomba chenye milimita 15, kilichovikwa juu ya mguu kikabaki kimechomoza milimita 5, na ndani ya hicho kikombe mpira wa gofu hukalia. Fimbo ikigonga, hugonga mpira laini wala si mti, na mguu hubaki salama. Ya tatu ni kisahani kilichokatwa kwenye soli ya kandambili iliyochakaa, kikatobolewa katikati. Mguu una mikato mitatu myembamba, na kisahani hushika katika mkato unaoutaka. Unakisukuma kijiti mpaka kisahani kiguse nyasi, basi. Ukitaka mpira uinuke milimita 20, 30 au 45, unahamisha kisahani tu. Kila mara kimo ni kile kile, hata kama jicho limechoka.

Jumla yake ni milimita 75. Sheria za gofu, zinazotungwa na mashirika mawili, R&A la Uskoti na USGA la Marekani, zinasema tii isizidi inchi 4, yaani milimita 101.6, wala isiundwe kwa namna ya kumwonyesha mchezaji mwelekeo au kuusaidia mpira katika safari yake. Chetu hakivunji sheria hata moja.

Mjomba alivitumia vijiti vinne. Habari zikaenea miongoni mwa makedi, na baadaye zikamfikia bwana mmoja mchezaji, ambaye jina lake si hoja hapa. Alimwita mjomba kando akamwambia atampa shilingi 3,000 kwa wazo lote. Masharti yalikuwa mawili: tutie sahihi karatasi kwamba wazo ni lake, na tusitengeneze tena.

Msomaji, usinione mjinga nikisema pesa hizo zilinikosesha usingizi. Salio la karo yangu muhula huo lilikuwa shilingi 2,800. Mjomba alinipigia simu: "Mjomba, pesa ni pesa. Wazo utapata lingine." Mama naye alisema, "Mimi sijui mambo ya gofu, mwanangu. Lakini mtu akitaka kununua mdomo wako, uliza kwanza unataka kusema nini."

Nilimwendea mwalimu wetu wa Fizikia. Hakunipa jibu; alinipa kazi ya kusoma. Huko ndiko nilikokutana na Daktari George Franklin Grant.

Grant alizaliwa mwaka wa 1846 mjini Oswego, katika jimbo la New York, Marekani. Wazazi wake walikuwa wamewahi kuwa watumwa. Alisomea udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu mwaka wa 1870, na baadaye akafundisha chuoni humo. Alipenda gofu. Enzi hizo tii haikuwa kijiti. Mchezaji au kedi wake alichukua mchanga uliolowa maji akaufinyanga kichuguu kidogo, kisha akauweka mpira juu. Mikono ilichafuka, viuno viliuma. Tarehe 12 Desemba 1899, Grant alipewa hataza nambari 638,920, ile hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi. Kifaa chake kilikuwa nini? Mguu wa mti wenye ncha, na juu yake kichwa cha mpira laini.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Kichwa cha mpira! Kile kile ambacho mjomba na mimi tulikipata kwa kukata bomba kuukuu Bungoma, mwana wa watu waliowahi kuwa watumwa alikuwa amekipata zaidi ya miaka mia moja kabla yetu.

Grant hakufanya biashara. Vijiti vyake aliwagawia marafiki. Alifariki mwaka wa 1910, na miaka ya 1920 daktari mwingine wa meno, William Lowell wa New Jersey, alitengeneza tii zilizopakwa rangi nyekundu, akamlipa bingwa Walter Hagen azitumie hadharani, nazo zikauzika mno. Watu wengi wakadhani Lowell ndiye mwanzilishi. Lakini ile karatasi ya 1899 haikuoza. Mwaka wa 1991 USGA ilimtambua Grant kuwa mvumbuzi wa tii ya mti. Jina lake halikuokolewa na pesa, kwani hakuuza. Liliokolewa na maandishi.

Ndipo nikaelewa mambo mawili. Kwanza, kwa mujibu wa Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya mwaka wa 2001, hataza hudumu miaka 20, lakini hutolewa kwa kitu kipya, kipya duniani kote wala si Bungoma na Kitale pekee. Kichwa chetu si kipya, na tii za kupandishwa na kushushwa zimekwisha kubuniwa ng'ambo kwa namna nyingi. Basi bwana yule hakuwa akinunua hataza. Alikuwa akinunua mikono yetu ikae bure, na midomo yetu ifungwe. Pili, jambo likishachapishwa waziwazi, mtu mwingine hawezi kuja kesho akadai ni jipya na ni lake.

Nilimweleza mjomba yote hayo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kwa hivyo tunauza vijiti, hatuuzi wazo." Akarudi kwa yule bwana akamwambia hivyo hivyo, kwa heshima. Bwana alinunua vijiti 12 kwa shilingi 50 kila kimoja. Hizo ni shilingi 600, si 3,000. Salio la karo lililobaki lililipwa kwa maharagwe ya mama, gunia ambalo tulitarajia lituvushe hadi mavuno. Mlo ulipungua nyumbani, na sitaki mtu asome makala haya akidhani kwamba msimamo huliwa pamoja na ugali. Hata hivyo, makedi watatu wa Kitale sasa huchonga vijiti vyao wenyewe jioni, na mjomba ndiye aliyewafunza.

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, huenda mkauliza: haya yanahusu nini lugha yetu? Yanahusu sana. Nilipoanza kuandika vipimo daftarini nilijikuta sina maneno. Nikayatafuta, na mengine yalikuwa yakinisubiri nyumbani: mguu, kichwa, mkato, kisahani. Fundi wa jua kali aliyasoma, akatengeneza bila kuniuliza swali. Tukidhani Kiswahili ni cha mashairi na ngonjera pekee, tunakipunja. Kinaweza pia kubeba milimita.

Mafundi wetu wa Bungoma huunda vitu vya ajabu kila siku: majiko, vibeba mizigo vya baiskeli, mashine za kupukuchulia mahindi. Wengi wao hawaachi hata mstari mmoja wa maandishi, na fundi akienda, maarifa yake huenda naye. Basi wewe unayesoma, likizo hii mtafute fundi mmoja, mjomba, shangazi, au jirani. Mwulize anaunda nini na kwa nini. Andika vipimo, andika tarehe, andika jina lake kama ataridhia. Kisha lete karatasi hiyo kwa mhariri wa jarida hili.

Vipimo vya kijiti chetu ni hivyo nilivyovitaja. Chongeni.