Mibiringani Inayonyauka Njia ya Mgeta

Ukitoka Morogoro kwenda Mgeta, kabla njia haijapanda milima ya Uluguru, wapita Mlali, nchi ya joto na bustani za mboga. Mahali pa namna hii, joto likikutana na mvua, mbiringani huweza kunyauka ghafula, ingawa udongo una maji.

Usikimbilie kumwagilia zaidi. Inama, tazama shina linapogusa ardhi. Ukiona nyuzi nyeupe kama pamba, na vipunje vya kahawia kama mbegu za haradali, huo ni uozo wa ukungu uitwao Sklerotiamu. Usipoviona, kata shina, ning'iniza kipande katika gilasi ya maji safi: ukitoka uzi mweupe kama maziwa, huo ni mnyauko wa bakteria.

Mche wenye ukungu ng'oe taratibu pamoja na udongo wa shinani, uuchome nje ya shamba. Vipunje vile hukaa ardhini miaka kadhaa. Basi hapo usirudishe biringani, nyanya wala karanga, panda mahindi. Na jembe lioshe kabla hujamwazima jirani, usije ukampelekea njaa.